Nani Alimwambia Kidoti

Kidoti alilisema jambo lile mdomo ukiwa umejaa chakula, na labda ndiyo sababu mwanzoni hakuna aliyelisikia vizuri. Walikuwa wanne mezani. Fundi, mshona nguo, alikuwa amekaa karibu na jiko, mumewe mchomeleaji mageti alikuwa ndiyo kwanza ametoka kunawa masizi, Bibi alikuwa kwenye kiti chake chenye mto, na Kidoti, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa amepiga magoti kitini ili aifikie sahani.

"Wewe ni mama mkubwa," alimwambia Fundi. "Mama mwenyewe alikufa niliyezaliwa... siku niliyozaliwa." Alijisahihisha kama mtu anayetaka maneno yakae sawa. Kisha akaomba aongezewe maji.

Mchomeleaji akaweka kijiko chini. Bibi akayashusha macho kwenye sahani yake na hakuyainua tena. Fundi alimimina maji, akamimina mpaka kikombe kikafurika na maji yakamfikia mumewe mapajani.

"Nani kakuambia?" Fundi aliuliza, kwa ile sauti laini ambayo watoto wote huijua kuwa si laini.

Kidoti aliwatazama mmoja mmoja. Aliona kwamba amefanya kitu, ila hakujua ni kizuri au kibaya.

"Mwalimu," alisema.

Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mdogo wake Fundi alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, mwanamume aliyempa mimba hakuonekana hata msibani, na siku ya tatu ya matanga mchomeleaji na mkewe, ambao hawakuwa wamejaliwa mtoto, walisema mbele ya ndugu wote kwamba huyu ni wao, na kwamba asiambiwe mpaka awe mtu mzima wa kuelewa. Ndugu waliitikia. Bibi, aliyekuwa amefiwa na mwanawe wa mwisho, hakuitikia wala hakukataa. Alisema tu kwamba kunyamaza vile ni kumzika binti yake mara ya pili, akaingia chumbani. Tangu hapo hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo ndani ya nyumba ile.

*

Asubuhi Fundi alifika shule ya chekechea kabla geti halijafunguliwa. Mwalimu alikuwa msichana mpole aliyezoea kuja amebeba viatu vya kazi ndani ya mfuko na kuvivalia pale pale getini. Fundi hakumpa nafasi ya kuvivaa.

"Mimi nakuletea mwanangu umfundishe kuhesabu," alisema, "sikukuletea umfundishe ukoo wake."

Wazazi wengine walikuwa wameanza kufika. Wapo waliojifanya wanafunga kamba za viatu vya watoto wao, na wapo ambao hata hawakujifanya. Mwalimu alisimama na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi akisikiliza yote hadi mwisho, mama mzazi aliyekufa, mama mkubwa aliyelea, nani kamwambia mtoto. Wakati mwingine watu wapole ndio wanaochosha zaidi kugombana nao, kwa sababu hawakupi mahali pa kushika.

"Mama Kidoti, mimi nilikuwa sijui," alisema mwishowe. "Ndiyo nasikia sasa hivi, kutoka kwako."

Fundi akageuka na kuona masikio yaliyokuwa yakimsikiliza. Siri aliyoilinda miaka yote, ameimwaga getini yeye mwenyewe, saa moja asubuhi, mbele ya mtaa mzima.

Mwalimu alimvuta kando, akamwita mvulana mmoja aliyekuwa akiburuta mkoba wake chini.

"Niambie, samaki anapumua kwa kutumia nini?"

"Matamvua," alijibu mvulana, bila kufikiri.

"Nani amekufundisha?"

"Kaka."

Mwalimu alimruhusu aende. "Nimewafundisha mimi juzi, na samaki mezani. Huyu alimshika mwenyewe, akanusa vidole, akalia. Matamvua anayajua na hatayasahau. Amenisahau mimi. Ukiwauliza nani, wanakutajia mtu wanayempenda, au mtu wanayedhani unataka kumsikia. Wala hawasemi uongo."

Fundi alisema samahani, ila aliisema akiwa ameshaanza kuondoka, kwa hiyo ilimfikia mwalimu nusu. Njiani hakufikiria samaki. Alifikiria kwamba kama si mwalimu, basi ni mtu wa nyumbani.

*

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa ambao wateja walizoea kuukwepa kwa kuinamisha bega. Siku ile alishona kama mtu anayepigana. Alitia pindo upande usio wake, akafumua, akatia tena.

Jioni alimwogesha Kidoti kwenye beseni, na katikati ya povu akaanza upya.

"Mwalimu anasema si yeye."

Kidoti alikuwa akijaribu kuzamisha sabuni.

"Ni Bibi?"

Mtoto aliinua uso. Uso wa Fundi ulikuwa karibu sana, umemtolea macho, unangoja.

"Ndiyo," alisema Kidoti. "Bibi."

"Lini?"

"Jana." Kwake yeye kila kilichokwisha kupita kilikuwa jana. Kuzaliwa kwake kulikuwa jana.

"Mlikuwa mnafanya nini? Alikuwa anakusuka?"

"Ndiyo, ananisuka."

"Akasemaje?"

"Akasema mama alikufa."

Fundi alimkausha kwa taulo kwa haraka. Alikuwa fundi wa miaka mingi na alijua nguo inavyotengenezwa, lakini hakuona kwamba kitambaa kilikuwa chake, amekikata mwenyewe, na mtoto alichofanya ni kuinua mikono tu avalishwe.

Bibi alikuwa chumbani kwake anakunja kanga. Fundi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, umemwambia mtoto."

"Nimemwambia nini?"

"Usinizungushe."

"Kama ningemwambia, ningekuja hapo ulipo nikakuambia nimemwambia. Nimekuogopa lini?"

"Kasema mwenyewe. Ulikuwa unamsuka."

"Namsuka kila Jumamosi. Na kila Jumamosi namwambia akae atulie. Basi."

"Tangu mwanzo hukutaka. Ulisema tunamzika mwanao mara mbili. Watu wote walisikia."

"Nilisema." Bibi aliiweka kanga juu ya nyingine, akainyoosha kona. "Halafu nikanyamaza. Naishi humu ndani kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Siwezi kucheka, siwezi kusema huyu mtoto kachukua masikio ya nani. Na bado unaniona nimelitema."

"Mtoto ana miaka minne, mama. Atayatoa wapi?"

"Sijui. Ila mimi nina miaka yangu na nakuambia si mimi, na hujaniuliza hata mara moja. Umekuja umeshahukumu."

Lingekuwa jambo dogo kwa Fundi kusema haya, mama, nimekusikia. Badala yake alibaki ameegemea mlango.

"Nilizaa wawili," alisema Bibi, bila kupandisha sauti. "Mmoja yuko chini ya udongo. Aliyebaki ananiita mwongo."

Alianza kuzipanga zile kanga ndani ya begi. Hakuhitaji kuzikunja, kwa kuwa zilikuwa zimekunjwa tayari, na baadaye Fundi alijiuliza kama mama yake hakuwa amejua tangu asubuhi kwamba ataondoka.

Mchomeleaji aliingia akakutana na mama mkwe uani, begi mkononi. Alimpokea begi lile kwa adabu, akamsindikiza mpaka kituoni bila kumuuliza anakwenda wapi. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa gizani, cherehani haijafunikwa.

"Kwa hiyo shahidi wako ni mtoto wa miaka minne," alisema.

"Hujui mama yangu alivyo."

"Namjua. Huwa hajifichi." Akawasha taa, akaenda kula peke yake.

*

Bibi alikuwa amekwenda kwa kaka yake, upande wa pili wa mji. Nyumbani wakaanza kugundua mambo yaliyokuwa yakifanyika yenyewe. Mchele uliokuwa ukichaguliwa haukuchaguliwa, na mchomeleaji akatafuna jiwe. Nywele za Kidoti zilifumuka, Fundi akajaribu kuzisuka, mistari ikaenda kama njia ya ng'ombe. Mtoto aliuliza Bibi yuko wapi, akaambiwa kamtembelea mjomba. Aliuliza tena siku iliyofuata, na iliyofuata, kwa upole, kama mtu anayepita ofisini kuulizia barua yake.

Lile jambo lenyewe hakulirudia. Alimwita Fundi mama kama kawaida. Fundi ndiye aliyekuwa akishtuka kila anapoitwa.

Siku moja aliingia mteja aliyemfahamu, mwanamke kijana anayeuza simu maduka ya barabara kuu. Mara ya mwisho alikuwa na mimba ya kwanza, ametaka magauni yake yaongezwe kiunoni. Sasa alikuwa na mtoto kifuani na magauni yale yale mkononi.

"Dada Fundi, nirudishie kiuno changu," alisema. "Kama bado kipo."

Fundi alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alimshika kichanga wakati mama yake anajaribu gauni, akamsifia, akamlaza mezani, akapima, akachoma pini. Mteja alizungumza akijitazama kiooni, bega ameliinamisha kukwepa ufa.

"Unajua yale uliyonihadithia yalinikaa kichwani. Naingia wodini nikawa namfikiria mdogo wako. Nikasema, hata likitokea la kutokea, naomba mwanangu apate mama mkubwa kama huyu." Akageuka kumtafuta mtu kwa macho. "Yuko wapi yule binti? Siku ile alikuwa hapo chini ya meza anapanga vifungo. Alinipa kimoja chekundu, ninacho mpaka leo."

Pini ilimwingia Fundi kidoleni, akaiacha humo kidogo.

Alikumbuka yote. Mwanamke yule alikuwa amesimama pale pale, anatetemeka, anasema anaogopa kujifungua. Na yeye Fundi, ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote wa mtaani, alijikuta anasema. Labda kwa sababu ya lile tumbo mbele yake, alilokuwa akilizungushia futi ya kupimia. Alisema mdogo wangu alikufa siku ile ile mtoto alipozaliwa, mimi ni mama yake mkubwa, na tazama mtoto alivyo, mzima wa afya, kwa hiyo usiogope. Alijisikia vizuri siku ile, mwepesi kama aliyetua mzigo. Chini ya meza vifungo vilikuwa vikigongana, tik, tik, na yeye alivisikia kama watu wanavyoisikia saa ya ukutani.

"Dada, umejichoma?"

"Kidogo," alisema Fundi. "Geuka nikuone mgongo."

*

Kwa mjomba wake, Fundi alimkuta mama yake sebuleni, anakunja blanketi alilolalia juu ya kochi kabla wenyeji hawajataka kulikalia. Begi lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa zipu, kama la mtu anayengoja kuitwa jina. Bibi alimkaribisha bintiye kiti, kisha akachungulia jikoni kwa wifi yake.

"Wifi, kuna mgeni. Naweza kuchemsha chai?"

"Chemsha tu, ila majani usijaze sana," ilijibu sauti.

Fundi alisikia, na mama yake alijua kwamba amesikia. Mwanamke aliyekuwa akitawala jiko lake mwenyewe tangu ujana alikuwa akiomba majani ya chai.

"Mama, usipike chai. Kaa."

Bibi alikaa.

"Ni mimi," alisema Fundi.

"Wewe nini?"

"Niliyemwambia. Nilikuwa namsimulia mteja, na yeye alikuwa chini ya meza."

Ilionekana kama Bibi anachagua kati ya maneno mengi aliyokuwa ameyaandaa kwenye kochi lile, na kwamba yote yalikuwa yanafaa.

"Mteja," alisema. "Mteja umemwambia."

"Ndiyo."

"Mimi, mama yake marehemu, nisimtaje jina. Mtu aliyekuja kuongezewa kiuno, akasimuliwa."

Fundi alijikaza kisabuni, lakini machozi yalimtoka, akayafuta kwa kile kidole kilichochomwa na pini.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Si leo, ila nitakusamehe." Bibi alisimama akachukua begi nyuma ya mlango. "Na usidhani narudi kwa sababu umekuja kulia. Narudi kwa sababu nimechoka kuomba chai."

*

Kidoti alimrukia Bibi uani nusura amwangushe. Alimwonyesha nywele zake, akamshtaki Fundi kwa mistari ile, akaleta kitana bila kutumwa. Bibi aliketi kwenye kigoda, mtoto katikati ya magoti yake. Mchomeleaji alikuwa anakarabati baiskeli ya jirani karibu na ukuta.

Fundi aliona ayaweke mambo sawa mbele ya wote. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Kidoti, yale maneno, Bibi hakukuambia. Ulinisikia mimi, siku nazungumza na yule dada mwenye tumbo. Wewe ulikuwa chini ya meza na vifungo."

Kidoti alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Hapana. Bibi ndiye aliniambia."

"Si Bibi."

"Ni Bibi. Alikuwa ananisuka. Tulikuwa hapa. Akanivuta hapa, nikalia, akasema usilie, akasema mama alikufa." Alijigusa juu ya sikio, mahali hasa alipovutwa.

"Kidoti, sikiliza. Mimi ndiye niliyesema. Ukaniambia ni Bibi kwa sababu nilikuuliza vibaya. Unavikumbuka vifungo? Ulimpa dada kimoja chekundu."

"Nilimpa," alikubali Kidoti. Kifungo alikikumbuka vizuri. "Lakini Bibi ndiye aliniambia." Kidevu kikaanza kumtetemeka. Alikuwa anaviona kabisa, Bibi, kitana, maumivu juu ya sikio, na watu wazima wanamwambia havikuwepo.

Fundi alifungua mdomo kuendelea. Bibi akainua kitana.

"Mwache."

"Lakini mama, si haki. Atakua akijua ni wewe."

"Na akijua, nini?" Bibi aligeuza kichwa cha mtoto taratibu kiangalie mbele. Akagawa nywele, akavuta mstari ulionyooka. "Ni kweli, mjukuu wangu. Ni mimi. Ila siku ile sikumaliza. Nilikuambia alivyokufa tu, na hiyo ni sehemu ndogo. Unataka nimalizie?"

Kidoti aliitikia kwa kichwa, akavutwa nywele, akatulia.

Bibi akaanza kusimulia huku anasuka. Alisema mama yake Kidoti alikuwa binti asiyejua kupiga mluzi, na kila siku anajaribu. Alikuwa akicheka anaziba pua, kwa sababu asipoiziba inatoa sauti kama ya kuku. Siku moja alikata pazia la sebuleni amshonee mwanasesere wake sketi, akaficha mkasi kwenye mto wa dada yake, na dada mtu ndiye aliyechapwa.

"Lilikuwa la bluu, hilo pazia," alisema Fundi. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, hakumbuki alikaa saa ngapi.

"La bluu," alisema Bibi.

Mchomeleaji aliacha spana, ila hakusogea.

"Alinishika?" aliuliza Kidoti.

"Alikushika. Walikuweka hapa kifuani kwake. Akakushika mkono, akautazama, akasema, huyu mbona kucha ndefu hivi, mtafutieni wembe. Akacheka."

Fundi alikuwa koridoni hospitalini siku ile, amezuiwa kuingia, mama yake ndiye aliyekuwa ndani. Alikuwa hajawahi kuuliza kilichosemwa ndani. Alidhani hakuna kilichosemwa.

"Akaziba pua?" aliuliza Kidoti.

"Hakuweza. Mikono ilikuwa imekushika wewe."

Bibi alifika mwisho wa mstari, akafunga fundo, akaanza mwingine. Jua lilihama uani, na alikuwa bado anasimulia.

*

Mvua zilikuja zikapita. Kidoti alipanda darasa, jino likang'oka. Asubuhi moja Fundi alikuwa anampeleka shule, na wakasimama kandoni mwa barabara wangoje magari yapungue. Kidoti alicheka akatoa ile sauti ya kuku, kisha akaziba pua.

"Mama alikuwa anacheka hivi," alisema.

Siku hizi alisema mama kwa wote wawili, na hakuna aliyechanganyikiwa.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Bibi alikusimulia."

"Hapana. Nilimwona."

"Ulimwona wapi?"

"Nyumbani. Mimi nilikuwa mdogo. Akasema kucha zangu ndefu." Alisema bila kujisifu, kama mtu anayeeleza njia anayoipita kila siku. "Namkumbuka."

Fundi alitazama upande wa magari. Sentensi ya kumsahihisha ilikuwa tayari, fupi na ya kweli. Aliishikilia mpaka lori likapita, na pikipiki nyuma yake, na barabara ikawa wazi.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

Kidoti alifikiri.

"Sketi ya bluu."

"Ilimkaa vizuri?"

"Vizuri," alisema Kidoti. "Ilikuwa ndefu kidogo."

Fundi akamshika mkono, wakavuka.